Hairuhusiwi, Kasema Nani?

Stika ya kamera haibandikwi kwa haraka. Nawaambia hili kwanza, nyinyi mnaoingia kwenye kazi ya ulinzi hapa Doha, kwa sababu ndilo jambo ninaloweza kulisema bila kusitasita. Futa kioo cha kamera ya simu ya anayeingia kwa pindo la shati, si kwa kidole. Kidole kina mafuta, na stika yenye mafuta chini yake hubanduka kabla mtu hajalipita geti. Bonyeza katikati kwanza, halafu pembeni. Kisha chukua kalamu ya wino mzito uweke saini yako, nusu iwe juu ya stika na nusu juu ya simu. Mtu akiibandua na kuirudisha, saini haikutani tena, inakuwa kama mtu aliyevunjika pua. Na usisahau kamera ya mbele. Wengi huisahau ya mbele.

Lakini kabla ya yote mwambie avue kava ya simu. Mimi niliwahi kubandika stika nzuri kabisa, na saini juu, kwenye kava ya kijana mmoja fundi bomba. Akashukuru kwa adabu, akaingia kwenye mtambo wa watu, akavua kava, akapiga picha zake na kofia ya ujenzi za kumpelekea mchumba. Niliziona mwenyewe jioni kwenye basi, alinionyesha kwa furaha. Hakujua kama ni mimi niliyembandikia. Sikumshtaki kwa mtu. Picha zilikuwa nzuri.

Mengine yote nitakayoandika hapa nina shaka nayo. Nilisoma mpaka darasa la saba, Tanga, na habari za serikali na vita nazijua kwa kiasi zinavyoonekana kutokea getini. Geti ni tundu dogo. Mtu aliyekaa kwenye meza kubwa huenda aliona vingine, na huenda alikuwa na sababu ambazo mimi sikuambiwa. Niliyoyaona ndiyo ninayoandika, na pale ninapodhani tu nitasema nadhani.

Sasa nimevua sare. Nakaa Najma, mtaa wa hapa Doha, kwa mwanangu anayefanya kazi hotelini, nasubiri mambo ya safari ya kurudi nyumbani. Ni huku huku Najma nilikoanzia, kwenye jengo moja la zamani lenye duka la simu chini na kinyozi pembeni, na aliyenifundisha kazi alikuwa Msudani mtu mzima tukimwita Abu Idrisi. Kiarabu chake na changu vilikutana kwa shida, tukajazia kwa Kiingereza kibovu na mikono.

Karibu na lifti ya jengo lile palikuwa na kibao: mizigo hairuhusiwi. Nilikipenda kibao kile. Mlinzi mpya hana la kusema, na kibao kilinipa la kusema. Siku moja mama mmoja wa Kihindi akaja na mtungi wa gesi. Nikanyoosha mkono: mamnua. Hilo ndilo neno la kwanza la Kiarabu nililolishika, mamnua, yaani imekatazwa. Mama akageuka, akaanza kupanda ngazi akiuburuta mtungi, ngo, ngo, ngo. Abu Idrisi akatoka na kikombe chake cha chai.

"Mhina, ni mamnua?"

"Mamnua, baba."

"Minu gal?" Maana yake nani kasema.

Nikamwonyesha kibao.

"Kibao hakina mdomo. Nani kasema?"

Sikujua. Akazunguka jengo zima akiuliza, kwa kinyozi, kwa duka la simu, mpaka kwa wakala wa mwenye nyumba. Ikaja kujulikana kwamba zamani palikuwa na lifti nyingine, mbovu, na mlinzi wa wakati huo, Mnepali, aliweka kibao kwa nia njema ili watu wasikwame. Lifti ile ikang'olewa, ikawekwa mpya. Mnepali akarudi kwao. Kibao kikabaki, na watu wakaendelea kupandisha mitungi ya gesi kwa ngazi kwa sababu ya lifti ambayo ilishauzwa kama chuma chakavu. Abu Idrisi alikitoa kibao akakitia chini ya mguu mfupi wa meza yetu, na meza ikatulia.

Kisha akaniambia: "Ukimkataza mtu, mpe jina. Mwenye nyumba kasema. Polisi kasema. Mimi nimesema. Ukikosa jina, nyamaza kwanza, ukaulize."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Katika Kiswahili chetu ni rahisi mno kukosa jina. Hairuhusiwi. Imekatazwa. Imeamriwa. Mwalimu wangu wa shule alikuwa na namna ya kuviita vitenzi vya aina hiyo, nimesahau. Jambo limetendeka na mtendaji hayupo, ametoka.

Basi nije kwenye vita.

Mnajua nasema vita gani, mlikuwepo au mlisimuliwa. Sitajitia mchambuzi. Kwetu sisi vita vilikuwa simu zote za chumba kulia kwa pamoja mlio ule mbaya wa tahadhari, madirisha kutetemeka, na moshi mweupe kuandika mistari angani mchana kweupe. Nchi hii ilijikuta chini ya njia ya moto, na serikali yake ikafanya ilivyofanya. Nataka niwe wa haki hapa. Mkate haukukosekana dukani. Tahadhari zilikuja kwa lugha nyingi. Na lilipotoka tangazo kwamba watu wasipige wala kusambaza picha za vitu vinavyodunguliwa angani na mahali vinapoangukia, mimi binafsi nililiona lina maana. Anayetupa jiwe gizani akipigiwa picha ya mahali lilipotua, la pili atalenga. Hilo hata mtu wa darasa la saba analielewa.

Lakini niliona namna amri inavyoshuka. Inashuka kama kikombe cha karaki, chai ya maziwa ya huku, kinachopitishwa mkono kwa mkono, na kila mkono unaongeza kijiko cha sukari kwa kuogopa kulaumiwa. Tangazo lilisema: msipige picha za vitu vinavyoanguka. Ofisi ya kampuni yetu ikaongeza: mfanyakazi asitumie kamera ya simu akiwa kazini. Likafika kempu, makazi ya wafanyakazi kule Eneo la Viwanda, ambako wakati huo mimi nilikuwa mlinzi wa geti, maana mlinzi akizeeka hupewa geti la kempu, hakuna ngazi. Pale likaongezwa: kila simu ndani ya kempu ibandikwe stika, mbele na nyuma. Kisha: siku ya mapumziko mtu asitoke. Kisha: watu wasikae makundi uani. Uani penyewe ndipo walipokuwa wanacheza karata.

Ukiuliza, jibu lilikuwa moja. Hairuhusiwi. Ni vita.

Nilibandika stika simu zote za kempu ile, na nilizibandika vizuri. Watu hawakugoma. Wengine walifurahi hata, walijisikia kwamba kuna mtu anashughulika. Mtu akiogopa anapenda kuambiwa la kufanya, nami nilikuwa naogopa kama wao. Nadhani huo ndio mlango ambao nguvu za wakubwa huingilia wakati wa vita, hazivunji, zinakaribishwa.

Aliyeniuliza alikuwa Wafula.

Wafula ni Mkenya wa Bungoma, dereva wa basi la kampuni, mtu mkubwa wa mwili anayecheka mpaka kiti cha basi kinalia. Siku ile alikuja getini hacheki.

"Mzee Mhina, hii maneno ya stika imenimaliza."

"Imefanya nini?"

"Nekesa."

Nekesa ni binti yake, wa pekee, mama yake alishafariki. Nilimjua kwa picha. Kitu nilichokuwa sijakijua, au nilikijua bila kukitia akilini, ni kwamba Nekesa hasikii tangu kuzaliwa. Yuko shule ya bweni ya watoto viziwi. Kusoma ndiyo kwanza anaanza, barua ndefu hawezi. Yeye na baba yake wanaongea kwa mikono, kwa simu ya video, Ijumaa alasiri, wakati matroni anapowapa watoto simu ya shule.

"Hapo shuleni kuna TV," Wafula akasema. "Ameona moto, ameona jina Doha, hasikii mtangazaji anasema nini. Matroni anaandika kwa ubao, baba yako yuko sawa. Hataki ubao. Amekataa chakula, mzee. Anataka mikono yangu."

"Mpigie ukiwa kazini, ukiegesha basi."

"Kazini simu inakaa kwa ofisi. Na siku za kazi matroni hatoi simu. Ijumaa ndio nimefungiwa hapa ndani, na macho ya simu umeyafunga wewe."

"Na za wenzako?"

"Si umefunga zote?"

Ni kweli, nilizifunga zote, na saini juu. Neno likanijia mdomoni lenyewe, limezoea njia: hairuhusiwi. Nililisema nusu. Wafula akaniangalia.

"Nani amekataza?" akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mlango uko wapi ili aende akabishe hodi. "Kama ni serikali, niambie, nitaandikia serikali. Kama ni kampuni, nitaenda niwapigie magoti. Niambie tu ni nani."

Nikamkumbuka Abu Idrisi na kikombe chake. Nikamwambia Wafula angoje, nikaenda kwa Kasule.

Kasule ni Mganda, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kempu. Msimfikirie vibaya. Mtu huyu nimemwona akimbeba mgonjwa mgongoni mpaka kwenye gari kwa sababu machela ilichelewa, na maji yalipokatika aligombana na ofisi mpaka yakarudi. Alikuwa mezani, simu mbili mbele yake, macho mekundu.

"Kasule, stika za vyumbani, kasema nani?"

"Mzee wangu, ni vita."

"Vita haviandiki matangazo. Nauliza mtu."

Akasugua uso, akaniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, wewe unataka nini? Kempu ile ya jirani kijana mmoja alirusha video ya kitu kinaanguka. Akachukuliwa. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Kijana huyo alirudi baada ya siku chache. Watu walisema mengi, ila mimi nilimwuliza mwenyewe akasema alihojiwa, akafutishwa video, akapewa chai, akaachiwa. Labda alisema ukweli wote, labda alisema sehemu. Siwezi kuapa upande wowote.

"Alipiga picha ya kilichokatazwa," nikasema. "Wafula anataka kuongea na mtoto kiziwi."

Kasule akanitazama. Habari za Nekesa hakuwa nazo. Akashika simu akapiga ofisini, akaiweka sauti ya wazi nisikie. Mtu wa ofisi alisikika muungwana. Alisema kwa anavyojua tangazo halikukataza mtu kuongea na familia yake. Akasema stika za vyumbani ofisi haikuziagiza. Akasema lakini ni jambo zuri, ziacheni tu kwa usalama.

"Kwa hiyo dereva aongee na mtoto wake?" Kasule akauliza.

"Hilo amueni huko huko," mtu wa ofisi akasema, akakata.

Tukatazamana. Ndipo nilipoelewa, kama nimeelewa. Wote tulitaka amri iwepo, na hakuna aliyetaka jina lake liwepo juu yake. Serikali ilikuwa na tangazo lake, lina mipaka, unaweza kulisoma likaisha. Hii yetu haikuwa na mipaka kwa sababu haikuwa na mtu.

"Mimi siwezi kusema ndiyo," Kasule akasema taratibu. "Humu nina watu wengi. Mmoja akifanya upuuzi, jina litakaloitwa ni Kasule. Nina watoto Masaka, mzee."

"Basi usiseme ndiyo. Sema Mhina kasema."

"Na ukiulizwa?"

"Nitajibu mimi. Chumba cha geti, Ijumaa, simu iangalie ukuta mweupe, dirisha limefungwa, na mimi nimekaa pale. Hakuna kitakachoonekana isipokuwa Wafula."

"Wewe mzee watakufunga."

"Wakinifunga uniletee chapati."

"Za Kiganda au za Kitanzania?"

"Za Kiganda mnazijaza mayai. Lete hizohizo."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mlio wa kwanza wa tahadhari. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa karibu na kustaafu, na mlinzi anayeondolewa nchini kwa kosa la wakati wa vita majirani zake kwao humhukumu bila kumwuliza. Lakini niliona mtoto anakataa chakula kwa neno ambalo hata aliyelitoa simjui, nami ndiye niliyelibandika.

Ijumaa baada ya swala Wafula akaja chumba cha geti amenyoa, amevaa shati la kwendea kanisani. Nikaitoa kalenda ukutani ukuta ubaki mweupe. Nilianza kubandua stika ya kamera ya mbele, na hapa ndipo nilipojua ubora wa kazi yangu, maana haikutoka. Wakati nakwaruza kwa ukucha simu ikaita, Wafula kwa haraka akapokea. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona Nekesa kilikuwa giza, kisha ukucha, kisha kidole gumba changu kikubwa juu ya jicho la simu, kisha sura yangu ya kizee kwa karibu sana.

Nikampa Wafula simu upesi.

Mtoto alikuwa mwembamba, nywele fupi za shule. Hakutabasamu. Alifanya ishara moja kwa ukali, akairudia. Wafula akaisimamisha simu kwenye kikombe cha kalamu, akarudi nyuma, akanyanyua mikono yote miwili akatanua vidole. Mtoto akasogeza uso kwenye kioo. Nilidhani anahesabu. Wafula akageuza viganja, mbele, nyuma, akakunja, akakunjua, polepole, kama mtu anayeonyesha kitambaa sokoni. Baadaye aliniambia: mtoto alikuwa ameota kwamba baba yake amekatika mikono. Sura hakuijali. Mtu anaweza kuwa na sura na asiweze kuongea.

Kisha wakaongea. Sijawahi kuona maneno mengi vile bila sauti. Wafula mikono yake minene ilikuwa myepesi, na kile kicheko chake cha kutikisa viti kilitoka, na mtoto akacheka pia bila kukisikia, kwa kukiona mabegani.

Mimi nilikaa kwenye kiti changu. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilikuwepo. Mtoto akanyoosha kidole kuelekea kwangu.

"Ameuliza huyo ni nani," Wafula akasema. "Nimemwambia ni mlinzi. Sasa ameuliza unanilinda ama unanichunga. Kwa mikono hayo ni maneno mawili, mzee, hayafanani hata kidogo."

"Mwambie nakulinda."

Wafula akamwambia. Mtoto akanitazama kidogo, akafanya ishara nyingine: akabonyeza kidole gumba juu ya jicho lake moja lililofumbwa.

"Na hiyo?"

Wafula akaona aibu. "Amekupa jina. Viziwi wanapatiana majina ya mkono. Hilo ndilo jina lako sasa."

Kidole gumba juu ya jicho. Nimeitwa majina mengi katika kazi hii, mengine siwezi kuyaandika, na hakuna lililonikaa kama hilo.

Ijumaa iliyofuata akaja tena, na nyingine. Nekesa alianza kula, matroni akaandika kushukuru. Hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Serikali ilikuwa na kazi kubwa kuliko Wafula.

Kisha anga likatulia. Simu zikaacha kulia. Mahoteli yakajaa tena, karata zikarudi uani, geti likafunguliwa siku za mapumziko. Watu wakawa wanabishana mpira. Lakini stika za vyumbani zikabaki. Nilimwuliza Kasule, hizi tunatoa lini?

"Sijapata amri ya kutoa," akasema.

"Hukupata ya kuweka."

"Najua, ssebo. Ndiyo shida yake. Ya kuweka ningekuwa nayo, ningempigia aliyetoa nimwulize."

Nawaambia nyinyi mnaoingia kazini: mkono wa serikali wakati wa hatari lazima ukue, sitaki kudanganya kwamba naujua utaratibu mwingine. Nyumba ikiungua mtu mmoja apige kelele na wengine watoke. Lakini mkono ukikua, kucha nazo zinakua, na kucha ni sisi. Mlinzi wa geti, msimamizi wa kempu, karani wa ofisi. Hatari ikipita mkono wenyewe unaweza kurudi ulivyokuwa, na huenda kwa haki yake umerudi, sijui. Kucha hazirudi zenyewe. Inabidi mtu azikate, na anayeona zimekuwa ndefu ni yule anayekwaruzwa, ambaye mkasi hana. Labda nakosea. Ndivyo nilivyoona kutokea kwenye tundu langu.

Nilistaafu stika zikiwa bado zipo. Wakaniaga kwa keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, "Mhima", tukaila hivyo hivyo.

Ijumaa iliyopita alasiri, nikiwa hapa Najma, simu ikaita. Ni Wafula, kwa video, ameniunganisha na Nekesa anisalimie. Skrini ikagawanyika, yeye upande mmoja, mtoto upande mwingine. Nekesa amekua, ana nywele zilizosukwa. Akabonyeza kidole gumba kwenye jicho: mimi. Nikajibonyeza na mimi jicho langu, akafurahi.

Halafu nikaangalia nyuma ya Wafula. Ukuta mweupe. Kalenda imetolewa. Na kwenye kiti changu amekaa kijana amevaa sare, mlinzi mpya, mikono magotini, anatazama.

"Wafula, uko wapi?"

"Chumba cha geti, mzee. Si ndiyo utaratibu?"

"Bado?"

"Bado. Simu za vyumbani zina stika. Video ni hapa tu, Ijumaa, dirisha likifungwa, mlinzi akiwepo."

Nikamwomba amgeuzie kijana simu. Kijana akasimama wima. Mtanzania mwenzangu, lafudhi ya Morogoro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, huyu bwana kuongea na mtoto wake chumbani mwake, kuna ubaya gani?"

"Hairuhusiwi, mzee."

"Kasema nani?"

Hakusita hata kidogo. Amefundishwa vizuri, pengine na mtu aliyefundishwa na mimi.

"Kuna mzee mmoja alikuwa hapa zamani, mzee Mhina. Ndiye aliyesema. Chumba cha geti, ukuta mweupe, na mlinzi awepo."

Mlango nilioufungua kwa ajili ya mtu mmoja, siku za hofu, ulikuwa umegeuka ukuta wake, na jina nililolitoa ili ruhusa iwe na mwenyewe lilikuwa sasa jina la katazo. Wafula alikuwa ananiangalia kwa pembeni ya skrini, hajui acheke au anihurumie. Alikuwa anajua kwamba katazo linatajwa kwa jina langu. Kwa kuniheshimu hakuwahi kuniambia.

"Mhina ni mimi," nikasema.

Kijana akatoa macho.

"Na mimi Mhina nasema imekwisha. Vita vimepita. Stika zitoke, bwana aongee na mwanawe anapotaka."

Akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwake. Akasema kwa upole, "Lakini mzee, wewe umestaafu."

Alikuwa na haki. Sina geti, sina sare. Neno langu la kufunga lilikuwa linafanya kazi bado, la kufungua lilikuwa limestaafu pamoja nami.

"Kweli," nikamwambia. "Kwa hiyo sasa ni wewe. Jina lako nani?"

Alielewa naulizia nini, nilimwona anavyomtazama Wafula, kisha mlango, kisha simu. Kwenye upande mwingine wa skrini Nekesa alikuwa anasubiri, mikono hewani, amekatishwa katikati ya neno.

Kijana akanitajia jina lake, lote, na la baba yake. Silitii hapa, ni lake. Halafu akachukua kofia yake, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake taratibu mpaka ukabana.

Wafula akageukia simu, mikono yake ikanyanyuka. Wakaanza kuongea. Ilinichukua muda kugundua kwamba bado kuna mlinzi mmoja amebaki chumbani, mimi wa kwenye skrini. Nikabonyeza kidole gumba, nikakata upande wangu.